Kikombe Chenye Usukani

Jumamosi ya soko mjini Machakos, asiyekanyaga hukanyagwa. Kavindu alikuwa ameinama juu ya rundo la vyombo vya mtumba, gauni lake la manjano amelibana katikati ya magoti lisizoe vumbi, akichagua vikombe vya kibanda chake kipya cha kahawa. Akashika kishikio cha kikombe cha bati, rangi ya samawati. Kikakataa kuja. Upande wa pili, kishikio kingine kilikuwa ndani ya glavu nyeusi ya ngozi.

"Madam, achilia," alisema mwenye glavu. "Hicho kina usukani. Ni cha mtu wa pikipiki."

Kavindu akainua macho. Kijana mrefu, jaketi zito juani, helmeti kwapani, mwanya katikati ya meno.

"Usukani gani? Hiki ni kikombe."

"Haya, tazama." Akashika vishikio vyote viwili, akanyonga cha kulia na kunguruma kwa mdomo, akapiga kona kati ya sufuria na vijiko mpaka mama muuzaji akajifunika uso kwa leso kwa kucheka.

"Na breki?"

"Breki ni midomo ya mnywaji."

"Niko na kibanda barabara ya kwenda Kituluni," Kavindu alisema, akimpokonya. "Nakinunua mimi."

"Kinunue. Mimi nitakuja kukiendesha. Naitwa Ndunda."

Akaja Jumapili, na hakuja peke yake. Pikipiki kubwa zilijipanga mstari mbele ya kibanda, nazo injini zikawa zikitatarika kwa kupoa. Tangu siku hiyo kila mmoja wao akawa na kikombe chake, na kila kikombe na msumari wake ukutani. Ukuta huo wakauita gereji.

"Wamucii, hiyo si kikombe, ni tangi la maji," Jeremy wa Syokimau alimchokoza mwanamke pekee katika kundi, mwenye duka la vitambaa mjini, aliyenywea kopo kubwa kama ndoo. "Uko na leseni ya lori?"

"Na hako kako? Tuktuk! Tena inavuja oili."

"Ni jasho, siz. Imepanda mlima."

Jeremy akageuka. "Ndunda, hiyo yako ya mtumba imetembea kilomita ngapi?"

"Kidogo sana. Mwenyewe wa kwanza alikuwa sista wa Katoliki. Aliitoa Jumapili peke yake."

Kavindu alicheka huku akimimina, naye Ndunda hakumtazama mwingine. Kila walipoondoka, Kavindu alimwita kutoka dirishani, "Endesha polepole, kahawa isimwagike!" Ndunda alijibu kwa kupiga honi.

Siku za kazi, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha Athi River. Saa ya chakula simu ya Kavindu ililia.

"Mwendwa, mpenzi wangu, kikombe changu kinaendeleaje?"

"Kimelala. Kimekosa wa kukiamsha."

"Usimpe mtu akijaribu."

"Kuna mzee mmoja amekiulizia, ana shamba na ng'ombe."

"Kavindu!"

"Nimemwambia kina mwenyewe. Kama mimi."

Ndunda akashusha sauti: "Rudia hapo mwisho."

"Aa, mtandao umeshika vibaya," akasema, akakata, akabaki akiichekea simu.

Mwezi wa Septemba Ndunda alimpeleka Kituluni, pale watu humwaga maji barabarani wakayaona yakipanda mlima badala ya kushuka. Ndunda akamwaga kahawa. Ikajikokota kuelekea juu, nyembamba, nyeusi.

"Unaona? Hata kahawa imeacha desturi yake kwa sababu yako," alisema. "Disemba naleta mbuzi wa ntheo kwenu, wa kukuposa. Utakataa?"

"Waje kwanza. Nitaangalia kama wamenona."

Jumapili iliyofuata furaha ilimpanda Ndunda kichwani. Alipita mbele ya kibanda mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeinua kikombe cha samawati kama kombe la mashindano. Kavindu akakimbilia dirishani. Akapaza sauti mbele ya wote:

"Ndunda! Mimi sitawahi kupanda nyuma ya mwanamume wa mkono mmoja!"

Kundi likaangua kicheko. Jeremy aliurudia mzaha ule mpaka ukawa salamu yao. Ndunda mwenyewe aliinama kama aliyehukumiwa, akakirudisha kikombe kwenye msumari kwa adabu.

Oktoba, karibu na Lukenya, lori la mawe liliingia barabarani bila kutazama, likamgonga Ndunda.

Jeremy alikuja kumwambia Kavindu, macho chini. Amevunjika kidogo, yuko kwao Katangi, atapona. Amesema watu wasimtembelee kwa sasa. Kisha ukaja ujumbe kwenye simu, maneno mawili tu: "Nipe muda."

Kavindu akampa. Alipiga simu asubuhi, ikalia mpaka ikachoka. Akapiga jioni. Disemba ikaingia na kutoka, mama yake akiwa ameshapaka chokaa ukuta wa mbele kwa ajili ya wageni wa mbuzi. Majirani wakauliza, kisha wakaacha kuuliza, na hilo likauma zaidi. Alijiambia Ndunda amepata mwingine. Akakigeuza kikombe cha samawati kikatazama ukuta.

Ni Wamucii aliyeshindwa kunyamaza. Siku moja ya mvua alibaki nyuma, akakigeuza kikombe kile polepole.

"Mkono wake wa kulia umekufa, Kavindu. Uko hapo lakini haufanyi. Alituapisha tusikwambie."

"Kwa nini?"

"Alisema ulishajibu. Mbele yetu sote."

Kavindu alikaa juu ya kreti ya soda. Kahawa ikachemka, ikamwagikia moto.

Kesho yake Jeremy alimpeleka Katangi. Kavindu alivaa lile gauni la manjano, na kikombe akakitia ndani ya kiondo. Mama Ndunda alimpokea kwa mikono yote miwili bila swali, akawaletea chai, akaenda zake kwa kuku. Jeremy akabaki njiani na pikipiki yake.

Ndunda alikuwa kivulini mwa ghala, amekonda, mkono umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Umependeza," alisema.

"Nyamaza. Ulikuwa mzaha, Ndunda! Uliogopa mzaha?"

"Sikuogopa mzaha. Niliogopa uje kwa sababu unaona aibu kwamba uliusema."

"Nimekuja kwa sababu nakupenda."

Kavindu akatoa kikombe, akamimina chai, akamwekea mkononi. Ndunda akashika kishikio cha kushoto. Naye akashika cha kulia, wakakiinua pamoja, na kwa muda mfupi walikuwa wawili juu ya pikipiki moja. Kisha kikayumba. Chai ikamtiririka Ndunda kidevuni hadi kifuani. Kabla hajafikiri, Kavindu alikuwa ameshashika ncha ya leso, anamfuta kidevu, anamfuta shingo, taratibu, akisema, "Pole, pole, usijali."

Ndunda akakiachilia kikombe.

"Umeona?"

"Nimeona nini? Ningekufuta hata zamani!"

"Zamani ungenicheka."

Alimtazama, akingoja. Kavindu alijua anachongojea. Alitafuta neno moja la gereji, lolote, tangi, breki, oili. Mdomo wake, uliokuwa haukosi jibu soko zima, ulikuwa mkavu. Machozi ndiyo yaliyokuja.

"Usilie, mwendwa," Ndunda alisema. "Nina mama mmoja tayari. Nilitaka mke. Rudi nyumbani, na hicho kikombe ukae nacho. Wewe ndiye ulikinunua."

Walikuwa wameshaingia barabarani, upepo ukimkausha Kavindu mashavu, mzaha ulipomjia. Ulikuja mzima, kama kitu kilichokuwa kiondoni muda wote. Alimpiga Jeremy begani.

"Simamisha! Simamisha hapa!"

Akashuka, akampigia Ndunda. Simu ililia. Ikalia. Safari hii ikapokelewa.

"Ndunda, sikiza. Vikombe vyote kwenye ukuta wangu vina kishikio kimoja, na vinabeba kahawa sawasawa. Ni wewe peke yako ulikuwa na viwili, tukakucheka. Sasa ndiyo umekuwa kikombe cha kawaida."

Ndunda akacheka. Kile kicheko cha sokoni, chenye mwanya ndani yake, kikapanda na kupanda mpaka kikavunjika katikati, naye akasikika akivuta pumzi kama aliyepanda mlima.

"Huo," alisema. "Huo ndio niliokuwa naungojea pale kivulini."

"Nigeuze? Bado niko karibu. Nigeuze, Ndunda?"

Jeremy alikuwa tayari ameshika usukani, anasubiri neno. Kwenye simu kuku walisikika, na sauti ya mama ikimwita mtu.

"Endesha polepole, Kavindu," alisema. "Kahawa isimwagike."

Kavindu alibaki ameshika simu sikioni muda mrefu baada ya kukatwa. Kisha akapanda nyuma ya Jeremy, akakikumbatia kiondo, akamwambia waende nyumbani.