Programu Tatu na Bakuli la Michembe

Mektilda ni fundi cherehani. Anaishi Gongoni, mjini Tabora, na mume wake Marko, ambaye ni fundi baiskeli, na mtoto wao Alois wa miezi minne. Asubuhi Mektilda huteka maji, hufagia na kumwogesha mtoto. Kisha hukaa barazani kushona sare za shule. Alois akilia, cherehani inasimama, mama ananyonyesha. Akinyamaza, cherehani inaanza tena.

Siku moja alikuja wifi yake kutoka Isikizya. Jina lake Apolinaria. Ni dada yake Marko, ni mkulima, na mdomo wake hauna breki. Alileta mfuko wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani.

"Mwangaluka, wifi!" alisalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka. Karibu, wifi."

"Eh! Kaka yangu anakulisha kweli. Umekuwa gunia la tumbaku!"

Mektilda alicheka, maana mawifi hutaniana. Lakini neno lile lilimchoma. Tangu ajifungue alikuwa ameongezeka, na hakuupenda mwili wake mpya.

Wifi alipoondoka, Mektilda alichukua simu akaingiza programu ya kupunguza uzito. Programu za aina hii humuuliza mtu habari zake, kisha humpangia kalori za kila siku. Kalori ni kipimo cha nguvu ambayo mwili unapata kwenye chakula. Programu ya kwanza ilimpangia kalori elfu moja na mia tisa. Aliona ni nyingi mno kwa mtu anayetaka kupungua. Akaingiza ya pili. Ikasema elfu moja na mia tano. Ya tatu ilimuuliza kama anataka kupungua polepole au haraka. Akabonyeza haraka. Ikasema elfu moja na mia mbili.

"Baba Alois, mtu ni mimi huyu huyu," alisema. "Mbona kila moja inasema lake? Ipi ya kweli?"

Marko alikuwa anaziba pancha. "Mimi najua matairi tu," alijibu. "Lakini mtu mwenye haraka si anapita njia fupi?"

Mektilda akazifuta zile mbili, akabaki na yenye namba ndogo.

Kila alichokula ilibidi akiandike kwenye simu. Siku alipochemsha michembe, aliitafuta kwenye orodha ya vyakula. Haikuwepo. Waliotengeneza programu ile hawajawahi kukanyaga Unyamwezi. Akaandika viazi. Simu ikamletea picha ya chipsi. Mektilda akaona viazi ni viazi tu, akabonyeza chipsi. Bakuli moja likameza zaidi ya nusu ya kalori zake za siku.

Na wifi alikuwa ameleta mfuko mzima. Mchana ulipofika, Mektilda alikunywa chai ya rangi bila sukari. Jioni alichukua matonge mawili ya ugali akanawa mikono. Marko aliuliza kama anaumwa. Akasema hapana, amemaliza kalori zake.

Uzito ulipungua haraka, naye akafurahi. Kisha kizunguzungu kikaanza. Alishona kola ya shati juu chini, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa mwanafunzi wa ufundi. Alois alikuwa ananyonya kidogo, anaachia titi, analia. Kliniki walipompima, uzito wake haukuwa umeongezeka tangu mara ya mwisho. Muuguzi alimchunguza, akaona haumwi. Akamwambia Mektilda amnyonyeshe mara nyingi zaidi na amrudishe mapema apimwe tena.

"Dada amepiga simu," Marko alisema walipofika nyumbani. "Anasema kesho analeta maziwa ya ng'ombe, tumwanzishie mtoto."

"Ana miezi minne tu!"

"Sasa yako si yamekwisha?"

Mektilda alimweka Alois titini tena. Aliogopa sana. Aliogopa kwamba ni kweli.

Jioni ile jirani yao Urvi alipita kuchukua blauzi yake. Wazazi wake wana duka la vitenge mbele ya nyumba ile. Yeye mwenyewe ni mtaalamu wa lishe. Alimkuta Mektilda ameinamia cherehani, machozi yanamtoka.

"Dada Mektilda, kuna nini?"

Mektilda akamweleza yote. Urvi aliomba kuiona simu. Akasoma, akatikisa kichwa.

"Hii programu ilikuuliza kama unanyonyesha?"

"Haikuuliza."

"Kazi yako je?"

"Iliuliza. Nikaandika kazi ya kukaa. Si nakaa?"

"Unakaa huku mguu unakanyaga kutwa! Na maji je, yanajiteka yenyewe? Hebu niambie. Mteja akikupigia simu, akasema ana kimo cha kati, basi mshonee gauni, utafanyaje?"

"Nitabahatisha."

"Na mafundi watatu?"

"Yatatoka magauni matatu." Mektilda alicheka kidogo.

"Basi ndiyo hizo programu. Kila moja ina maswali yake na hesabu yake. Moja inauliza kazi, nyingine haiulizi. Moja inakupunguza polepole, nyingine haraka. Zote zinakadiria. Namba ndogo siyo ya kweli kuliko nyingine. Ni ndogo tu. Na hii ilimkadiria mwanamke asiye na mtoto."

"Na anayenyonyesha?"

"Mwili wake unatengeneza maziwa, kwa hiyo anahitaji chakula zaidi, kama kalori mia nne hivi kwa siku juu ya kawaida yake. Wewe umepunguza badala ya kuongeza. Ukila kidogo mno unachoka, na maziwa yanaweza kupungua."

"Hata michembe iliniponza."

Urvi aliposikia habari ya chipsi alicheka mpaka akashika ukuta. "Chipsi imekaangwa kwa mafuta, michembe umechemsha kwa maji! Haviwezi kuwa sawa. Ukiiunga karanga, hapo inaongezeka. Lakini hiyo kwako sasa ni chakula kizuri."

"Maziwa yatarudi?"

"Yanarudi kwa kunyonyesha. Mweke mtoto titini mara kwa mara, mchana na usiku. Kula ushibe: ugali, maharage, mboga, dagaa, matunda. Kunywa maji kila ukisikia kiu. Alois asipewe kingine mpaka atimize miezi sita. Akizidi kunyong'onyea, usisubiri, nenda hospitali. Uzito wako tutaushughulikia baadaye, polepole, nami nitakusaidia."

Mektilda akaifuta programu. Kisha akapakua ugali wa moto na maharage, akala mpaka Marko akamsogezea sufuria.

Kesho yake Apolinaria aliingia na chupa ya maziwa ya ng'ombe, tayari kumlisha mtoto.

"Yamechemshwa, wifi?" Mektilda aliuliza.

"Yamechemka vizuri. Kikombe chake kiko wapi?"

"Nipe mimi." Mektilda alimimina kikombe kimoja, akakinywa chote mbele yake. "Alois atayapata kwangu."

Kisha akamsimulia habari ya programu, tangu siku ile ya utani wa gunia la tumbaku. Apolinaria akasema, "Mimi nilikuwa natania tu, wifi. Gunia la tumbaku, loo! Nisamehe." Akaingia jikoni, akabandika michembe na karanga.

Mektilda alinyonyesha na kula, akanyonyesha tena. Mwanzoni hakuona tofauti, lakini kila Alois alipolia alimrudisha titini. Marko aliteka maji asubuhi ili yeye apumzike. Kidogo kidogo matiti yakaanza kujaa.

Siku ya kurudi kliniki, Alois aliwekwa kwenye mzani. Mektilda alishindwa kuangalia, akamtazama muuguzi usoni.

"Ameongezeka," muuguzi alisema. "Tena vizuri. Endelea hivyo hivyo, mama."

Mektilda aliketi kwenye benchi la nje, akampa mtoto titi. Alois alinyonya kwa nguvu, kisha taratibu, kisha akaliachia mwenyewe, akalala. Hakulia. Maziwa yalimtiririka kidevuni, naye Mektilda akayaacha yatiririke.