Njiti ya Kupimia Viatu

Jumamosi asubuhi, kama kawaida yao, Sauda na mama yake walikuwa shambani pale Kikole wakipalilia mahindi kabla jua halijawa kali. Lakini mawazo ya Sauda yalikuwa Nangurukuru, ambako baba yake, Mzee Maftaha, alikwenda kumnunulia viatu. Jumatatu angeanza kidato cha kwanza, na shule ilikwisha kusema kwamba asiye na viatu vyeusi hatapokelewa.

Magugu yalikuwa mengi, kwa hiyo Sauda hakuweza kwenda naye. Mama alichukua njiti ya mnazi, akaiweka chini ya unyayo wa bintiye, akaikata sawasawa kutoka kisigino hadi kidole gumba. Baba akaitia mfukoni, akaondoka.

Baba huyu akiingia dukani haulizi wala hageuzi kitu. Huchukua, hulipa, hutoka. Akirudi jioni utadhani amehangaika madukani kutwa, kumbe kutwa alikuwa kwa mama lishe wa stendi, akila na kupiga soga.

Jioni hiyo alileta viatu vizuri vya kung'aa. Sauda akasukuma mguu. Kisigino kikabaki nje. Mama akauliza kama kweli njiti ilitumika. Baba akaapa, akaitoa mfukoni na kuitumbukiza kiatuni. Ilienea barabara. Wakaiweka chini ya mguu, ikawa fupi.

Walitazamana. Asubuhi njiti ilikuwa sawa na mguu, na sasa ilikuwa sawa na kiatu, lakini mguu na kiatu havikupatana. Yassin, mdogo wake Sauda, akasema labda mguu umevimba kwa kupalilia. Sauda akaloweka miguu katika beseni la maji ya chumvi, na haikupungua hata kidogo. Akalia, maana Jumatatu ilikuwa karibu na hakuelewa mguu wake ulikuwa na kasoro gani.

Kesho yake Sauda na wazazi wake wakaenda Nangurukuru. Baba aliwaonyesha duka, kisha akaelekea kwa mama lishe. Mwenye duka, Mama Getrude, aliitikia shikamoo ya Sauda na kukubali kubadilisha viatu. Pea kubwa ilibaki moja tu. Mama aliikunja soli, akainusa ngozi, akagonga kisigino, akasema ni viatu vizuri sana. Kisha akavirudisha mahali pake na kusema, "Tutapita tena."

Sauda alichanganyikiwa. Kama ni vizuri, kwa nini wanaviacha? Mama akamwambia mtu hanunui kabla ya kuona pengine. Wakazunguka kila kibanda. Mama aliuliza bei za ndoo, vitenge na hata kufuli, na hakununua chochote. Miguu ilipomuuma, Sauda aliomba ruhusa, akauchukua mfuko wenye vile viatu vidogo, akamfuata baba.

Alimkuta akimalizia samaki wa kukaanga. Baba alichukua kijiti, akavunja ncha yake na kuanza kuchokonoa meno. Sauda akasimama pale pale.

"Baba, jana ulikula nini?"

"Nyama ya mbuzi," baba akajibu, kisha mkono ukasimama mdomoni. Akakitazama kile kijiti kwa muda. "Lahaula. Nilivunja ncha ya njiti yako, mwanangu. Hata sikukumbuka."

Sauda alifurahi kwamba mguu wake ni mzima, na papo hapo akaingiwa na hofu, kwa kuwa mbele yao mzee mmoja na binti yake walikuwa wakiingia kwa Mama Getrude. Alipomwambia baba kwamba pea kubwa imebaki moja tu, baba aliwapita kwa mwendo wa haraka, akaishika ile pea, akamkabidhi mwenye duka ile ndogo, akataka kutoka.

"Ngoja kwanza nijaribu, Baba," Sauda akasema.

Mguu uliingia vizuri, kidole kikapata nafasi. Mama alipofika, amechoka na vumbi limejaa miguuni, alitangaza kwamba amezunguka kote na vile vya mwanzo ndivyo bora. Baba akamwonyesha miguu ya Sauda. Angeweza kunyamaza hapo, lakini alieleza habari ya njiti mbele ya watu wote. Mama akacheka mpaka akakaa chini.

"Ningezidi kuzunguka, tungevikosa," akasema mama. "Na baba yako angeuliza na kupima tena kabla ya kulipa, tusingerudi. Sauda, kagua kitu vizuri, na ukikiona kinafaa, usichelewe. Ukikosea, sema, kama alivyosema baba yako. Jana ulilia bure ukidhani kosa ni la mguu wako."

Siku Yassin alipohitaji viatu, mama alimpima mguu kwa kamba. Baba aliigeuza geuza ile kamba, akaitia mfukoni akicheka. Safari hii hakuna ambaye angeweza kuitumia kuchokonoa meno.