Uyên Alijua Lộc Alikuwa Wapi

"Simama wima bwana, usitikisike! Unaniharibia mwandiko."

"Unaandika nini huko mgongoni, Vĩnh?"

"Utasoma ukifika nyumbani. Haraka ya nini?"

Darasa zima la 12A4 likaangua kicheko. Ilikuwa asubuhi yao ya mwisho shuleni. Madawati yamesukumwa ukutani, nyenze wanapiga kelele kwenye miti ya uwanjani, na kila mtu ana kalamu mkononi anaandika kwenye shati la mwenzake. Uyên alikuwa amesimama katikati, kola imejaa majina, na Vĩnh, kiranja wa darasa, mpenzi wake wa mwaka mzima sasa, ameinama nyuma yake anachora na kucheka peke yake. Saa kumi jioni Uyên angepanda jukwaani mbele ya wazazi na walimu, asome hotuba ya kuaga. Hotuba ilikuwa tayari, imekunjwa mfukoni. Tamu kama maziwa mazito.

Sương, yule mwenye mdomo usiopumzika, akapanda juu ya kiti.

"Jamani, mchezo! Leo kila mtu aungame siri moja aliyoificha miaka mitatu. Hakuna kununa, hakuna kesi. Naanza mimi: chura kwenye droo ya mwalimu wa kemia alikuwa wangu."

"Tulijua!"

"Mimi nilimpenda mwalimu wa mazoezi."

"Hata hilo tulijua!"

Kicheko juu ya kicheko. Zamu ikamfikia Đạt, mnene wa kiti cha nyuma, aliyekuwa ameshakunywa soda nne.

"Yangu ni kiboko yenu. Mnaukumbuka ule mtihani wa hesabu ulioibwa tukiwa la kumi na moja? Basi mimi ndiye niliyembeba Vĩnh mabegani apite dirisha la ofisi! Jamaa akakwama kiuno, suruali ikachanika chwaaa..."

Akacheka. Akatazama huku na huku. Akagundua anacheka peke yake.

Kalamu mgongoni mwa Uyên ilikuwa imesimama.

"Đạt," Vĩnh akasema taratibu, "umelewa soda?"

Kila mtu pale alikumbuka nani aliyefukuzwa kwa mtihani ule. Lộc. Karatasi ilikutwa kwenye begi lake asubuhi ya pili. Mlinzi alisema saa kumi na moja jioni alimwona mvulana mwenye shati la shule akitoka mbio nyuma ya ofisi. Kamati ya nidhamu ikamuuliza Lộc alikuwa wapi saa ile. Akajibu, "Nyumbani, nimelala." Wakamuuliza nani shahidi. Akasema hana. Jumatatu jina lake likasomwa kwenye kipaza sauti mbele ya shule nzima, na mama yake akaja kumchukua akiwa bado na aproni ya kuuzia dagaa.

Uyên akatoka nje. Vĩnh akamfuata mpaka mwisho wa ukumbi, penye mabomba ya maji.

"Uyên, nisikilize. Yamepita. Mwaka na nusu sasa."

"Ulimwekea wewe?"

"Nilikuwa na hofu. Baba yangu angenimaliza."

"Nimekuuliza swali, Vĩnh. Ulimwekea wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini yeye? Mabegi yote yale, kwa nini la Lộc?"

Vĩnh akafungua bomba, akaosha wino vidoleni. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ya kubembeleza.

"Kwa sababu niliwaona. Nyuma ya mashamba ya chumvi. Kila Alhamisi ulimwambia mama yako unakwenda masomo ya ziada, kumbe uko na yeye. Nilijua asingekutaja hata wamchinje. Na nilijua wewe usingejitaja."

Vĩnh akafunga bomba.

"Saa kumi na moja ile Lộc alikuwa wapi? Eti? Sema wewe mwenyewe."

Uyên akageuza uso.

"Alikuwa na wewe," Vĩnh akasema. "Ungeinua mkono mmoja tu, angepona. Siku tisa kamati inakaa, ukanyamaza. Kisha ukaja kulia begani kwangu. Mimi nilitia karatasi, mama. Wewe ulitia kufuli. Kwa hiyo usinitazame hivyo kama vile wewe ni malaika."

Maneno ya mwongo, lakini ya kweli tupu. Ndiyo maana yaliuma.

*

Kiwanda cha samani anakofanya kazi Lộc kiko nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya malori. Uyên alifika na baiskeli yake ya umeme saa sita, wakati wa mapumziko. Wafanyakazi wamekaa chini ya paa la bati wanakula wali wa maboksi. Hakumtambua Lộc mpaka aliposhusha barakoa. Vumbi la mbao lilikuwa kwenye kope, kwenye nywele, kwenye mikunjo ya shingo. Mikono imekuwa ya mtu mzima.

"Nani kafa?" Lộc akauliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Basi umepotea njia."

"Lộc, nimekuja... Ni Vĩnh. Vĩnh ndiye aliyeiba. Đạt kasema leo mbele ya darasa zima."

Lộc akachota kijiko cha wali. Akatafuna. Akameza.

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Đạt alikuja nyumbani mwaka jana wakati wa Tết, sikukuu ya mwaka mpya. Alileta keki za wali na machozi. Keki nikala, machozi akarudi nayo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Walishaniita mwizi kwenye kipaza sauti. Nami nikodi kipaza sauti changu nizunguke mji?"

Wenzake wawili wakacheka kwa mbali, wakamchungulia yule binti mwenye shati la maandishi. Uyên akashusha sauti.

"Nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Unajua."

"Nataka ulitaje."

"Kwa sababu sikusema kwamba tulikuwa pamoja."

Lộc akaweka boksi chini. Kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Ile kamati ilikaa kwenye chumba cha maktaba. Mlango wake ulikuwa na bawaba mbovu, unalia. Kila ulipolia niligeuka. Nilisema, huyu ni Uyên. Akaingia mleta chai. Ukalia tena, nikasema, sasa ndiye. Akaingia katibu. Siku tisa, Uyên. Mama yangu alipiga magoti mbele ya mwalimu mkuu, mimi bado natazama mlango."

"Nilimwogopa mama. Alisema akisikia nina mvulana, shule ndiyo basi, ninakaa naye kibandani kuuza supu ya tambi."

"Kwa hiyo nikaacha mimi shule kwa niaba yako."

"Lộc, jamani..."

"Nikuulize kitu kimoja. Nijibu kweli, maana sina muda, kengele inalia sasa hivi." Akafuta vumbi kwenye kope kwa mkono wa shati. "Đạt asingeropoka leo, ungekuja?"

Uyên akafungua mdomo. Malori mawili yakapita. Akaufunga.

"Basi," Lộc akasema.

"Twende wote shuleni. Sherehe ni saa kumi. Nitasema mbele ya watu wote, nawe uwepo."

"Mimi? Niende nikapigiwe makofi?" Akasimama, akavaa barakoa. "Kusema, sema. Deni hilo ni la kinywa chako. Ila usiseme kwamba unanisaidia. Mimi nina viti mia mbili vya kupiga msasa kabla ya jioni."

Uyên akaigeukia baiskeli yake. Nyuma yake Lộc akasita.

"Umeandikwa mgongoni. Unajua?"

"Sijasoma."

"'Wangu peke yangu, daima. Vĩnh.'" Alisoma polepole, kama mtoto anayejifunza herufi. "Mwandiko mzuri."

Kengele ikalia.

*

Saa tisa na nusu simu yake ikaanza kutetemeka. Alikuwa chooni shuleni, ameshavaa áo dài, kanzu ndefu nyeupe ya sherehe, lile shati amelisokomeza ndani ya begi.

Vĩnh: "Nimeongea na Đạt. Atasema alikuwa anatania. Soma hotuba yako tu, mpenzi. Imebaki mwezi mmoja mtihani wa taifa. Usituue."

Kisha: "Uyên?"

Kisha: "Mama yako amefika, amekaa safu ya tatu. Amevaa ile nguo ya bluu. Mfikirie yeye."

Alizima simu.

Jukwaani alifungua karatasi. Aliona maneno yake mwenyewe: miaka ya dhahabu, familia moja, kumbukumbu zisizofutika. Alimwona mama yake safu ya tatu, amenyoosha simu anarekodi, uso umejaa fahari ya mtu anayeamka saa tisa usiku kuchemsha supu.

"Walimu wetu, wazazi wetu," akaanza. Akaikunja ile karatasi. "Darasa letu lilianza na watu arobaini na watatu. Leo tupo arobaini na wawili. Kwenye picha za leo yule mmoja tumemkata. Anaitwa Lộc. Alifukuzwa kwa wizi wa mtihani."

Minong'ono. Mwalimu mkuu akainua kichwa.

"Hakuiba. Saa ile mlinzi alipomwona mwizi, Lộc alikuwa na mimi. Tulikuwa wawili, kwenye mashamba ya chumvi, mpaka saa kumi na mbili. Nilijua. Nilijua siku ya kwanza, na siku ya pili, na siku zote tisa. Nilinyamaza ili nisichapwe."

"Uyên, inatosha!" Mwalimu mkuu alikuwa ameshasimama. Mtu akachomoa waya, kipaza sauti kikafa.

Akaendelea kwa koo lake.

"Aliyeiba yupo hapa, na anajijua, na darasa zima linamjua tangu asubuhi! Lakini mimi leo najitaja mwenyewe!"

Hakuna aliyepiga makofi. Watoto wa darasa la kumi walitazamana. Sương alikuwa analia. Vĩnh, safu ya mbele kabisa, alitazama viatu vyake. Halafu Đạt akasimama, jasho linamtiririka, akasema kwa sauti ya kitoto, "Ni kweli, mwalimu. Mimi nilimbeba Vĩnh," na uwanja mzima ukalipuka kwa kelele.

Usiku ule mama yake hakufoka. Alikaa kibandani anachambua mboga za kesho, jani moja baada ya jingine.

"Mama, nipige basi."

"Nikupige sasa hivi kwa faida ya nani?"

"Nilikuogopa, mama."

"Najua uliniogopa. Siku ile ungeniambia, ningekupiga. Ningekupiga kweli kweli." Akatupa jani bovu. "Na kesho yake asubuhi ningekushika mkono huu hapa, tukaenda wote wawili kumsemea mtoto wa watu. Hivi wewe ulidhani mama yako ni mtu gani?"

Hilo ndilo lililomliza Uyên mpaka akakosa pumzi.

*

Baba yake Vĩnh alikwenda shule mara tatu, na gari, na mikoba. Mwishowe Vĩnh akapunguziwa alama za mwenendo, akaruhusiwa kufanya mtihani. Aliandika ujumbe mmoja tu: "Umeniharibia jina." Uyên akaufuta.

Wiki nne baada ya sherehe, shule ikatoa barua. Nusu ukurasa, muhuri mwekundu. Mwalimu wa darasa alitaka kuituma kwa posta, Uyên akaomba aipeleke mwenyewe.

Mama Lộc alikuwa uani anaanika dagaa. Alikuja mpaka kwenye geti, hakulifungua.

"Shikamoo, shangazi." Uyên akainamisha kichwa, akanyoosha barua kwa mikono miwili. "Ni ya shule. Wamemfutia kosa Lộc."

Mama hakuipokea.

"Isome."

"Shangazi?"

"Mwanangu waliposema ni mwizi, hawakuniletea bahasha. Walitangaza. Isome hapo hapo ulipo, kwa sauti. Wasikie hawa."

Majirani walikuwa wameshasogea: bibi wa duka la barafu, wanaume wawili waliokuwa wanacheza sataranji, mama mwenye mtoto kiunoni. Uyên akasoma. Mara ya kwanza sauti ikakatika.

"Sijasikia," mama Lộc akasema.

Akasoma tena, tangu juu mpaka kwenye muhuri. Alipomaliza, mama akapitisha mkono kati ya nondo, akaichukua barua, akaifuta juu ya aproni kana kwamba ina uchafu, akaingia ndani. Katika mtaa ule hata mkusanya madeni hupewa chai. Uyên hakupewa maji.

Lộc alitokea mlangoni, ametoka kuoga, nywele zimelowa. Akaja mpaka getini. Safari hii hakuwa na vumbi, na Uyên akauona uso aliokuwa akiuona Alhamisi zile, uleule, ila umefungwa.

"Wamesema unaweza kurudi mwaka ujao," Uyên akasema. "Darasa la kumi na moja. Nimewauliza."

"Nina miaka kumi na tisa. Nikae na watoto?"

"Ningekuja kukufundisha. Kila siku. Lộc, mimi bado..."

"Usilimalize."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nitaliamini." Akashika nondo za geti. "Nikiliamini, nitaanza tena kutazama mlango."

Uyên alilia kimyakimya. Lộc hakuinua mkono kumfuta, wala hakuondoka haraka.

"Mtihani wenu lini?" akauliza.

"Kesho kutwa."

"Umesoma?"

Akatikisa kichwa.

"Nenda nyumbani ukasome, Uyên. Angalau mmoja wetu aufanye."

Akakaza komeo la geti, akaingia ndani.