Jini Aliyenyimwa Mwisho

Wa kwanza kuisikia ile sauti alikuwa Kinyozi mwenyewe, na kosa lake ni kwamba alidhani ni shemeji yake.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, wakati ambao saluni yake haikupokea mteja hata angekuja na nywele za kufagia barabara. Pazia lilishushwa, mashine zikachomolewa ukutani, na viti vya kunyolea vikageuzwa vitazamane. Kimoja alikalia Kinyozi. Cha pili shemeji yake, fundi umeme, mdogo wa mkewe. Cha tatu Ticha, mama wa makamo aliyefundisha hesabu wiki nzima kwa uso mkavu kama chaki, halafu Jumamosi akaja kutetea filamu za mapenzi kama wakili aliyelipwa. Watu hawa hawakuwa na ugonjwa mwingine ila sinema. Kila mmoja alikuja kueleza alichotazama wiki ile, na kazi ya wenzake ilikuwa kumpinga.

Walikuwa na sheria moja, na waliiheshimu kuliko taa za barabarani: hakuna kutoboa mwisho. Ukisimulia filamu ambayo mwenzako hajaiona, unafika pale steringi, yaani shujaa wa filamu, amewekewa bunduki kichwani, unapiga kofi moja, unasema, "Mkanda unakatwa hapo." Basi. Anayetaka zaidi akatafute mwenyewe.

"Nilikuwa nimeshajifunika nilale," Ticha alikuwa akisema siku hiyo. "Lakini yule askari wa mguu mmoja, jamani! Anavuka mto, maji yamemfika kifuani, na mgongoni kambeba mtoto wa adui yake. Anainua macho ng'ambo, anamwona nani? Baba wa mtoto. Na bunduki."

"Mguu mmoja anavukaje mto?" fundi umeme akauliza.

"Anarukaruka. Wewe unayo miwili na barabara tu unavushwa kwa kushikwa mkono."

"Uongo huo, Ticha. Mwongozaji katuona wajinga."

"Kawaona vizuri." Ticha akapiga kofi. "Mkanda unakatwa hapo."

Kikafuata kile kimya kitamu cha watu walioachwa na hamu. Na ndani ya kimya hicho, chinichini, kama mtu anayeongea huku mdomo kaufukia kwenye mto wa kulalia, ikaja sauti:

"Halafu?"

"Shem, sheria," Kinyozi akaonya.

"Sheria gani? Si wewe uliyeuliza?"

"Mimi nimefunga mdomo hapa."

"Nyinyi wanaume mkifika umri huu," Ticha akasema, "tumbo likinguruma mnadhani mmeitwa."

Wakacheka. Lakini Kinyozi alinusa harufu ya nywele zilizoungua, akainuka kukagua mashine zake. Zote zilikuwa baridi, na nyaya zake zimelala mezani.

Jumamosi iliyofuata wote walikuwa wameshamtazama yule askari.

"Pale mwisho!" fundi umeme akasema, mkono kichwani.

"Acha kabisa," akajibu Kinyozi.

"Si niliwaambia?" Ticha akasema. "Mlilia, hamkulia?"

"Mimi ni vumbi liliniingia."

Wakamalizana hivyo, kama wapenzi wa sinema wote wanavyomalizana, kwa macho na vidole, wala hakuna aliyetamka kilichotokea. Fundi umeme akaingia kwenye filamu yake, ya mapacha wawili waliompenda msichana mmoja, akaikata mkanda kanisani, pale bibi harusi anapofunuliwa shela. Droo ya nyembe ikajifungua na kujifunga kwa kishindo. Sauti ikaja tena, na safari hii ilikuwa na hasira ndani yake.

"Halafu?"

Hakuna aliyecheka. Fundi umeme akasema labda ni mabomba. Saluni haikuwa na bomba.

Baada ya hapo mambo yakaanza kukwama, na yalikwama kwa namna ya kumtia mtu wazimu. Kinyozi alinyoa kichwa kizuri kabisa, akabakiza kipande kidogo nyuma ya sikio, mashine ikafa. Akachukua nyingine, ikafa palepale. Mteja akaondoka na kishungi chake na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Wa pili hivyo, wa tatu hivyo. Mtaani wakaanza kumwita Bwana Bado. Usiku alilala akaamka kabla usingizi haujakolea. Chafya ikimjia ilipanda hadi puani, ikamtoa machozi, ikageuza na kurudi ilikotoka. Fundi umeme naye chafya zilimrudi vilevile, wala hakuweza kukaza skrubu ya mwisho ya kitu chochote, na Ticha, mbele ya darasa zima, alifanya hesabu ubao mzima akafika kwenye alama ya sawasawa, akasimama hapo na chaki mkononi mpaka kengele ikataka kulia na haikulia.

Haya yote yangekuwa ya kuchekesha kama si mke wa Kinyozi. Walikuwa wamemngoja mtoto huyu tangu ndoa yao ikiwa changa, na sasa ndevu za Kinyozi zilikuwa na mvi. Siku za kujifungua zilifika. Zikapita. Siku moja jioni Kinyozi akiwa anatazama filamu ya kutisha, ya mgeni anayegonga mlango wa familia moja usiku na kuomba kuingia, mkewe alishika ukuta akaita, "Mume wangu, tayari." Kinyozi akaacha filamu inaendelea yenyewe, wakakimbilia hospitali. Walipofika uchungu ukakoma, kama redio iliyozimwa. Daktari akasema mama mzima, mtoto mzima, nendeni mkangoje. Jumamosi Kinyozi akaisimulia ile filamu ya mgeni, akaikata mkanda pale mama wa nyumba anaposhika komeo, wala hakusema kwamba na yeye aliishia hapohapo. Ile sauti haikuuliza kitu. Vioo vyote vitatu vikatoka jasho.

Wiki iliyofuata, Jumamosi asubuhi, uchungu ulirudi, na mama mkwe akaenda kumshika binti yake mkono hospitalini. Kufika alasiri akapiga simu. "Mwanangu, sielewi. Mtoto anasogea, anasogea, akikaribia tu kila kitu kinasimama. Mara ngapi sasa! Daktari anasema moyo wa mtoto umeanza kuchoka, na chumba cha upasuaji kina watu wawili mbele yetu."

"Nakuja, mama."

"Uje ufanye nini? Wamezuia wanaume mlangoni. Fanya unachoweza hukohuko."

Alichoweza kilikuwa kimeshaketi kwenye kiti cha saluni: mganga mmoja mnene, mpole, aliyeletwa na Ticha, mtu wa hesabu ambaye hakuwahi kuamini majini mpaka ile alama ya sawasawa. Mganga akawasha makaa, akafumba macho, akaanza kusoma. Alisoma vizuri, sauti ikipanda na kushuka, jasho likimtiririka, akafika neno la mwisho, mdomo ukabaki wazi. Akaanza upya. Akafika palepale. Mara ya tatu akafumbua macho.

"Hii haijawahi kunitokea," akanong'ona. "Nimelishika neno, lakini halitoki."

Ndipo fundi umeme, aliyekuwa amesimama karibu na pazia, akakaa chini sakafuni polepole bila kukunja magoti, kama pazia lenyewe linavyoshushwa, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba mpaka macho yakawasha, na kinywani mwake ikatoka sauti ambayo haikuwa ya kijana yule wala ya mtu yeyote aliyewahi kuvuta hewa.

"Mnanikatia mkanda," ikasema.

Ticha akamshika Kinyozi mkono. "Ongea nayo wewe. Saluni yako."

"Nani... nani amekukatia?"

"Nyinyi! Niko humu kabla ya jengo hili. Macho ya kutazama sinema zenu sina, nina masikio tu. Nikasema, afadhali, watu hawa wanasimulia vizuri. Nikasikiliza. Mtu anafika mtoni, mnakata! Nikavumilia wiki nzima, nikisema wakishaona wote watasema. Mkasema nini? 'Pale mwisho!' 'Acha kabisa!' Pale mwisho nini? Acha nini?" Kichwa cha fundi umeme kiligonga ukuta kwa hasira. "Basi na mimi nikakata. Miisho yenu yote ninayo. Mtakaa kama nilivyokaa."

"Na mtoto wangu?"

"Na yeye ni mwisho wa kitu."

Mganga akaegemea mbele. "Mwambieni anachotaka," akanong'ona. "Upesi."

"Askari," Kinyozi akasema. "Baba wa mtoto anafyatua risasi, inampata askari, lakini mtoto anafika nchi kavu."

"Haimpati," Ticha akasema. "Bunduki haina risasi."

"Ticha!"

"Haina! Ndiyo maana baba analia. Ulitazama kweli wewe?"

"Nilitazama mara mbili!"

"Basi mara zote mbili ulisinzia!"

"NANI ANASEMA KWELI?" ikapiga kelele ile sauti, na kioo cha kati kikapasuka juu hadi chini.

Wakaelewana haraka kuliko walivyowahi kuelewana. Bunduki haina risasi, baba anaingia mtoni, anamvuta askari na mtoto hadi nchi kavu. Kinywa cha fundi umeme kikashusha pumzi ndefu, ya raha kabisa. Mganga akapata neno lake la mwisho, likamtoka peke yake kama kwikwi. Simu ikalia: mama mkwe akasema mtoto amesogea. Wakahamia kwa mapacha: bibi harusi hakuwepo, chini ya shela alikuwa mama yake, amekuja kuwaambia wote wawili waondoke. Jini akacheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko hasira. Simu ikalia: bado kidogo, bado kidogo, lakini daktari amekunja uso.

"Na mgeni mlangoni?" ikauliza sauti. "Huyo ndiye ninayemtaka hasa."

Kinyozi akamgeukia Ticha. Ticha akamgeukia Kinyozi. "Usinitazame mimi, sijaiona."

"Na mimi sikuimaliza. Ndiyo jioni ile tuliyokwenda hospitali."

"Na ukaja hapa ukatupigia kofi la kukata mkanda!" Tayari alikuwa na simu mkononi, akiitafuta filamu ile mtandaoni. Ikapatikana. Ikaanza kufunguka. Kile kiduara kikazunguka, kikajaa karibu chote, kikabaki na upenyo mdogo kama wa ukucha, na hapo kikazunguka, kikazunguka, kikazunguka, huku Ticha akiipiga simu kwa kiganja na kuitukana kwa maneno ambayo wanafunzi wake wangelipa kuyasikia.

"Nangoja," ikasema sauti.

Na simu ya Kinyozi ikalia tena, na safari hii mama mkwe alilia tu, na nyuma yake zilisikika hatua za watu wanaokimbia na chombo fulani kikipiga milio ambayo ilizidi kuachana, na Kinyozi, aliyekuwa na filamu elfu kichwani na hakuweza kukumbuka hata moja, akafungua mdomo akasema kitu cha kwanza ambacho ulimi wake ulikuwa umezoea kumwambia mtu yeyote aliyesimama mlangoni tangu siku aliyonunua mkasi wake wa kwanza.

"Mama wa nyumba akafungua komeo. Akasema karibu, ingia, kaa."

"Halafu?"

"Akaingia. Wakaona hana ubaya. Wakampa mahali pa kulala."

"Wapi?"

"Chumbani... chumbani kwa mtoto. Pembeni yake."

"Akawa nani kwao?"

"Akawa mtu wa nyumbani."

Sauti ikashuka, ikawa laini, karibu ya aibu. "Wala hawakumfukuza?"

"Hawakumfukuza kamwe," Kinyozi akasema, akilia. "Mwisho."

Makaa yakazimika yote pamoja. Fundi umeme akapiga chafya kubwa iliyokuwa imemkwama siku zote hizo, akauliza nani amemkalisha chini na suruali mpya. Na simuni, juu ya vilio vya mama mkwe, ikasikika sauti nyembamba, ya hasira, ya mtu aliyecheleweshwa. Mtoto wa kike. Mzima. Mama naye mzima.

Ticha na Kinyozi walikumbatiana, wakarukaruka kama askari wao wa mguu mmoja. Mganga peke yake hakuinuka.

"Ile ya mwisho," akasema. "Uliijua au uliitunga?"

"Niliitunga, mzee wangu. Ningefanya nini?"

Mganga akakusanya vitu vyake mfukoni, kimoja kimoja. "Katika miisho yote duniani," akasema kwa uchovu, "hukupata hata mmoja wa mtu kuondoka?"

Mke na mtoto waliruhusiwa kurudi nyumbani. Mashine zikanyoa mpaka unywele wa mwisho, skrubu zikakaza, Ticha akapata jibu lake. Kinyozi akajiambia mganga yule ni mtu wa kukatisha tamaa tu. Asubuhi ya kwanza aliingia chumbani na beseni la maji ya uvuguvugu, akakuta mkewe amejilaza upande wa ukutani, macho ameyafumba nusu, na mtoto katikati ya kitanda.

Mtoto alizaliwa na nywele nyingi, nyeusi, za kusimama kila upande. Sasa zilikuwa zimelazwa, zimegawanywa na njia moja ya pembeni, nyembamba, iliyonyooka kama imepigwa rula. Kinyozi aliwajua vinyozi wote wa mji ule kwa mikono yao, kama wengine wanavyojua miandiko. Mkono huu hakuwahi kuuona.

"Asante kwa kumchana," mkewe akasema kwa usingizi. "Alikuwa analia, umemnyamazisha vizuri. Nilikuwa sijapata hata lepe moja."

Kinyozi akafungua mdomo aseme si yeye. Akautazama uso wa mkewe, jinsi ulivyopumzika kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

"Si kitu," akasema. "Lala."

Mtoto hakumtazama. Alikuwa amegeuza kichwa upande wa pili, ambako hapakuwa na mtu, anacheka bila meno. Na pale alipokuwa anatazama, mto ulikuwa ukibonyea taratibu, kama mtu anayelaza kichwa kwa uangalifu ili asimwamshe mama.