Blogu Tatu za Mke Wangu

Mke wangu ni fundi cherehani. Mchana hushona, jioni huandika kwenye simu. Alikuwa na blogu tatu: moja ya ushonaji, moja ya mboga anazopanda kwenye makopo, na moja ya mpira wa miguu. Maneno ya siri matatu! Aliyaandika ukutani kwa chaki yake ya kukatia nguo. Mimi nikapaka ukuta rangi. Jamani, siku hiyo nilikiona cha moto.

Alihangaika wiki mbili mpaka akafanikiwa kuingia tena. Kwenye blogu ya mboga, ambayo kwa kukosa nafasi ilikuwa imekaa kimya miezi mitano, akakuta ujumbe wa msomaji: "Poleni wafiwa. Alikuwa mtu mwema."

"Wameshanizika!" alisema. "Baba watoto, nimechoka. Leo nafuta zote."

Roho iliniuma. Asipoandika, mke wangu hana raha, na nyumba nzima hupoa.

Wakati huohuo jirani yetu, mkutubi, akaja kuchukua sketi yake.

"Shoga, usifute kwanza," alisema. "Hebu nisomee kidogo."

Mke wangu akasoma ya mpira: "Beki wa kushoto aliachia kama mshono uliofumuka." Akasoma ya mboga: "Miche ikibanana, punguza, kama unavyopunguza kiuno cha gauni."

Mkutubi alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe huandiki mambo matatu. Unaitazama dunia kwa jicho la fundi, basi! Fungua blogu moja."

"Na asiyependa mpira je?"

"Juu ya ukurasa weka vichwa: Nguo, Mboga, Mpira. Kila mtu atabonyeza anachotaka. Jieleze kwa ufupi wewe ni nani. Andika mara moja kwa wiki, kwa zamu. Blogu za zamani ziache, ila weka tangazo na kiungo, wasomaji wajue umehamia wapi."

"Na maneno ya siri?"

"Moja tu, kwenye daftari lako. Ukutani marufuku!"

Wote wawili wakanigeukia. Nikajifanya natazama dari.

Blogu mpya inaitwa Jicho la Fundi. Katika mwezi wake wa pili, mama mmoja aliandika: "Nilikuja kujifunza kushona kola. Sasa nina kola na nyanya!" Yule wa pole za msiba naye akaandika: "Kumbe uko hai! Afadhali." Mke wangu akacheka kwa sauti, kicheko chake kile cha zamani. Nikashusha pumzi. Afadhali kweli.

Juzi nimeona kichwa cha nne: Nyumbani. Leo atanianika, nikawaza. Nikabonyeza. Palikuwa na sentensi moja tu:

"Mume wangu ni kitambaa kigumu kukata, lakini hakichuji."

Nimeisoma tena leo asubuhi.