Kinusapumzi cha Kiwanda cha Vioo

Kinusapumzi kilikaa juu ya mlango wa kiwanda, kidogo kama kisahani cha chai, lakini mambo yake usiseme. Ulipita chini yake, ukashusha pumzi mara moja tu, nacho kikasoma kila kirusi kilichojificha kifuani mwako, hata kabla hujapiga chafya ya kwanza. Tanga nzima ilikisifu. Zamani mtu mmoja akikohoa kwenye meza za vioo vya anga, vile vinavyorushwa juu kukusanya jua, wiki haiishi nusu ya kiwanda imelala.

"Dada Mwanakombo," kikasema asubuhi ile ya Jumatatu, kwa sauti ya chini ili walio nyuma wasisikie, "una mafua makali. Yamekuingia jana jioni."

"Mimi? Na uji nimemaliza bakuli mbili!"

"Kesho saa nne utaanza kukohoa. Pumzika nyumbani siku tano, mshahara wako upo palepale. Usirudi mpaka homa iwe imekuacha siku nzima bila dawa, na ukirudi uvae barakoa siku mbili. Mshikanafasi atakaa mezani pako."

Mshikanafasi, roboti wa mikono minne, alikuwa keshavuta kiti chake. Mwanakombo akaondoka akicheka. Adabu iliyoje! Wasimamizi wa zamani wangemwambia ajikaze.

Kosa lililofuata halikuwa la mashine. Mwongozo wa kiwanda ulisema mgonjwa asije kazini; haukusema wa kazini wasimwendee mgonjwa. Na watu wa meza za vioo, mwenzao akiugua, hawajui kukaa kimya. Jioni walimjia kumi na mmoja, na machungwa, na chupa za chai ya tangawizi, mbele yao Sikudhani, mpasha habari wa kiwanda, anapiga hodi huku keshaingia. Wakajaa kitandani, mkekani, mpaka dirishani.

"Mgonjwa gani huyu anacheka?" Sikudhani akamtania. "Umekihonga Kinusapumzi upate kulala!"

"Niache wee! Hebu nipe umbeya, nani kaposwa?"

Kesho yake, saa nne juu ya alama, kikohozi kikaanza. Alhamisi Sikudhani akapiga simu, sauti imekwama puani. Kinusapumzi kilikuwa kimewarudisha nyumbani wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, bila kumfokea mtu. Washikanafasi walikuwa wamekaa safu nzima, na kazi haikusimama hata dakika.

"Ila shoga," akasema, "Mzee Shekiondo karudi toka Lushoto. Kasikia unaumwa. Yuko njiani anakuja kwako."

Hapohapo Mwanakombo akashuka kitandani. Mzee Shekiondo ndiye aliyemfundisha kushika kioo. Ujanani alivunja mawe, na vumbi likamla pafu moja. Kiwandani Kinusapumzi kilimlinda kila siku. Hapa nyumbani hakukuwa na kisahani juu ya mlango.

Hodi ikabishwa. Akasukuma komeo kuufunga mlango.

"Mwanangu, ni mimi."

"Shikamoo, baba. Sifungui."

"Marahaba. Hufungui nini?"

"Mlango. Nina mafua yaliyowalaza kumi na mmoja, na kifua chako nakijua."

"Mimi nafungiwa nje kama mwizi? Mama yako alipoumwa nililala kwenye baraza hii siku tatu!"

"Najua, baba."

Kile kidude cha kiwandani kilisema neno hili, la kumzuia mtu mlangoni, kwa yeyote, asubuhi baada ya asubuhi, bila kutetereka. Yeye kulisema mara moja, kwa mtu mmoja, lilimkwaruza koo kuliko kikohozi. Akasubiri kusikia nyayo zikiondoka. Badala yake akasikia mzee anakaa chini, mgongo wake ukigusa mbao.

"Haya," akasema, bado kanuna. "Basi nitasemea hapahapa. Unamjua yule fundi wetu wa Lushoto, mwenye wake wawili?"

Mwanakombo akaburuta mto, akakaa sakafuni upande wake, mgongo kwenye mlango uleule.

"Wawili? Mimi niliambiwa watatu. Anza mwanzo, baba, na upaze sauti."