Mdogo Wangu Aliniachia Mkono Sindano Ikiwa Mfupani

Sindano ilikuwa imeshaingia kwenye mfupa wa nyonga wakati mdogo wangu wa damu aliponiachia mkono.

Akanitazama. Akarudi nyuma. Akatoka.

Nikabaki nimelala kiubavu, nauangalia mlango ukijifunga...

Wadau, mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. Nina saratani ya damu. Kila baada ya muda daktari ananitoboa mfupa avute uboho, aone kama dawa zinafanya kazi. Ganzi wanakuchoma, lakini ule mvuto wa ndani ya mfupa ganzi haiufikii.

"Siku hiyo njoo na mtu," nesi aliniambia.

"Wa kufanya nini?"

"Wa kukubonyeza."

Nikaja na mdogo wangu. Karakana nzima tunamwita Nati, kwa ufupi wake. Nesi akamwonyesha ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Bonyeza hapa, ukandamize kweli. Maumivu hayaishi, ila makali yanapungua. Usiachie mpaka nikwambie."

"Kwa hiyo leo naruhusiwa kumfinya kaka?"

"Leo tu," nikamwambia. "Kesho nakurudishia."

Tukacheka wote. Na kweli ilisaidia, siwadanganyi. Sindano iliingia nikiwa nasikia zaidi kidole cha Nati kuliko kiuno changu.

Kisha daktari akavuta.

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Hapo hapo Nati akaachia, kama aliyepigwa shoti.

Nilipotolewa nilimkuta kwenye benchi la nje.

"Kaka, mimi..."

"Nenda. Na karakana kwangu usikanyage tena."

Hakubisha. Akaenda. Baadaye nikasikia amepata kazi mji mwingine.

Mara iliyofuata nilikwenda peke yangu.

"Mtu wako yuko wapi?" nesi akauliza.

"Sina."

"Hata jirani?"

"Nesi, fanya kazi yako."

Alikuwa na mikono miwili tu, na yote ina kazi. Nikajibonyeza mwenyewe. Niwaambie kitu: ukiumia sana, mkono wako mwenyewe ndio wa kwanza kukukimbia.

Nikarudi nyumbani, nikapika chakula cha mtu mmoja, nikala nimesimama. Redio niliiacha inaongea. Sikuwa nasikiliza, nilitaka tu kuwe na sauti ndani ya nyumba.

Jumapili iliyopita akaja shemeji, mke wa Nati, kuchukua miwani ya mumewe ya kuchomelea.

"Mumeo alinikimbia nina sindano mfupani," nikamwambia, hata kiti sijampa.

"Hakukukimbia, shemeji. Ulipiga kelele."

"Niliumia, ningefanyaje?"

"Na kazi alifundishwa na nani?"

"Na mimi. Sasa hilo linahusu nini?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mjinga.

"Mwenzako akipiga kelele, achia chuma. Usifikiri, achia. Maneno ya nani hayo?"

Nikatafuta pa kukaa.

Ni maneno yangu. Mkibeba chuma wawili, kikambana mmoja, yule mwingine akiendelea kushikilia anammaliza. Nati alipoanza kazi nilimzaba vibao kila alipochelewa kuachia. Miaka ishirini imepita, imeshamwingia mwilini. Aliposikia ukelele wangu, mikono yake ilinitii mimi, siyo nesi.

"Alitoka akidhani amekuua," shemeji akasema.

"Mbona hakusema?"

"Ulimpa nafasi?"

Akachukua miwani, akaenda zake.

Nimempigia Nati mara kumi na moja. Hapokei. Shemeji anasema ni aibu, siyo hasira. Akaniambia pia kwamba kila akipumzika kazini, anasoma simulizi za ukurasa huu.

Ndiyo maana nimeandika. Si kwa ajili yenu, mnisamehe.

Ila na nyinyi chukueni hili: mtu akikuachia mkono, muulize kwa nini kabla hujamfungia mlango. Mimi sikuuliza. Nimekula peke yangu miezi mitano.

Nati, ni Alhamisi, saa tatu asubuhi, chumba kilekile. Nitapiga kelele, nakwambia mapema.

Usiachie.